Uso Nje ya Maji

Kitu cha kwanza kumlaki Pomboo kazini kila asubuhi kilikuwa harufu ya mate. Ile sponji nyeusi inayovikwa maikrofoni ilikuwa imekunywa pumzi za watangazaji wote wa stesheni, wa mchana kwa wa usiku, wala hapakuwa na mtu aliyewahi kukumbuka kuifua. Ili sauti itoke nzito na tamu, kama meneja alivyoipenda, ilibidi midomo iiguse kabisa. Pomboo akajizoeza kuvuta hewa kwa mdomo badala ya pua. Wasikilizaji majumbani waliusikia ule mhemo mdogo kabla ya kila sentensi wakadhani ni madaha. Wanaume walipiga simu kuusifia.

Hakuzaliwa na kinyaa. Kinyaa kilimpata ukubwani, kama wengine wanavyopatwa na kisukari. Utotoni alikuwa mtu wa maji tu. Kaka yake mkubwa ndiye aliyemsukuma kwenye bwawa la manispaa kwa utani, siku ambazo bado alikuwa na pengo la meno ya mbele, akitarajia kupata la kumcheka. Badala yake akamwona mdogo wake anaondoka zake kama aliyeitwa upande wa pili. Tangu hapo mtoto hakutoka. Aliogelea mtindo wa kipepeo, ule unaowashinda wengi kwa sababu mabega yote mawili hufanya kazi ya punda, na kila alipoibuka kuvuta pumzi alionekana kama anatabasamu. Ndiyo asili ya jina Pomboo. Alileta medali nyumbani, akaleta nyingine, kisha akaja na ile ya dhahabu iliyowafanya watu wasioweza kuogelea hata kwenye beseni wabishane barabarani juu ya namna anavyogeuka ukutani. Jina alilopewa na wazazi likabaki kwenye kitambulisho tu.

Kisha bega likamsaliti. Daktari wa mifupa akamwambia achague: medali moja zaidi, au mkono wa kujifungia vifungo uzeeni. Akaita waandishi wa habari akawaaga. Mmoja wao akamuuliza sasa atafanya nini.

"Miaka yote hii nimekuwa nikitazama vigae vya chini ya bwawa," akajibu. "Acha sasa nitazame nyuso za watu, nione kipi kisafi zaidi."

Ukumbi ukavunjika mbavu. Meneja wa redio alikuwa amesimama nyuma, akaisikia ile sauti, akaona riziki. Muda si muda Pomboo akavikwa hedifoni, na kipindi cha asubuhi kikabatizwa jina lake: Amka na Pomboo.

Jibu la swali lake hakulisubiri sana. Vigae vilikuwa visafi zaidi.

Mtangazaji mwenzake aliitwa Kasuku. Alikuwa na kipaji cha kuwakebehi watu bila wao kushtuka, na mezani pake kulikuwa na kitufe cha vicheko alichokibonyeza baada ya kila utani wake mwenyewe, asije akawaachia wasikilizaji kazi hiyo wakaizembea. Kati ya wimbo na wimbo alikwangua koo lake mpaka chini, akakizungusha mdomoni alichokipata, kisha akakimeza. Pomboo aligeukia dirisha. Humo studio waliwapigia simu wake za watu wakijifanya mahawara wa waume zao, na mwanamke akilia hewani, Kasuku alibonyeza kitufe. Walisifia dawa ya kukausha kitambi. Pomboo aliijaribu mara moja akashinda chooni kutwa nzima, na kesho yake akaisifia tena, kwa sauti ileile nzito na tamu.

"Dada, mkono mtupu haulambwi," meneja alimwambia kila alipolalamika. Naye kila alipolisikia hilo neno aliuona ulimi.

Ndipo akaja mdhamini mpya. Mitaani walimwita Bwana Viatu, kwa sababu ya viatu vyake vyeupe pe ambavyo alivitupia jicho kila baada ya hatua chache, kama mtu anayehofia vitamkimbia. Alikuwa amelikodi bwawa la manispaa, lilelile la utotoni mwa Pomboo, ambalo lilifungwa zamani likaachwa lijijue lenyewe. Alitaka kulifungua upya kwa muziki, miavuli na viti vya kulalia. Na alitaka sauti moja tu iwaite watu.

"Nani atabisha?" meneja akasema, akisugua viganja. "Samaki akitoka majini akakwambia mamba ni mgonjwa, utamwambia nini? Si utamwamini tu!"

Wakaenda kurekodi tangazo palepale bwawani. Pomboo alikwenda na furaha yake, maana hakuwa amekanyaga mahali pale kwa miaka. Alipovuka lango akasimama. Bwawa lililo hai hukupokea kwa harufu ya klorini ukiwa bado mlangoni, na kwake harufu hiyo ilikuwa ya nyumbani, kama wengine walivyo na harufu ya jiko la mama. Haikuwepo. Kulikuwa na uvundo mzito, wenye utamu kidogo, wa kitu kilichooza kikafunikwa. Maji yalikuwa ya kijani, na juu yake mafuta yamechora rangirangi. Pembeni ulielea ukoga, na katikati ya ukoga panya aliyevimba, miguu juu, kama mgeni aliyetangulia kuvijaribu viti vya kulalia. Nyuma ya vyumba vya kubadilishia nguo shimo la choo lilikuwa limejaa. Mkondo mwembamba mweusi ulitoka chini ya mfuniko ukaufuata mteremko, na mteremko uliishia bwawani.

"Pampu inafanya kazi?" Pomboo akauliza.

"Imeagizwa," akasema Bwana Viatu.

"Na chujio?"

"Vinakuja pamoja."

"Na lile shimo huko nyuma?"

Bwana Viatu akavitazama viatu vyake. "Dada yangu, wewe ni bingwa, si bwana afya. Mambo mengine tuachie wenyewe."

"Jumamosi ijayo unafungua. Haya maji utayatoa lini?"

"Kuyatoa yote ya nini? Tutaopoa takataka, tutaongeza mapya kidogo. Halafu kuna unga wa bluu. Unamwaga jioni, asubuhi unaamka na bahari. Ukiyaona utatamani kuyanywa."

Kasuku alikuwa ameinama juu ya yule panya. "Wahenga hawakukosea," akasema. "Ukiona vyaelea, vimeundwa!" Bwana Viatu akacheka mpaka akajishika kiuno. Pomboo alihisi nyongo ikimpanda kooni, akaimeza, na papo hapo akajichukia kwa kuimeza, maana ndivyo alivyokuwa akifanya Kasuku.

Fundi wa sauti alihitaji mlio wa maji. Ikabidi atafute fimbo ya kuyavurugia, kwa kuwa hapakuwa na mtu aliyekubali kuyatia mkono. Fimbo ikavuruga, uvundo ukaamka, na Pomboo akasoma: "Maji safi, maji salama! Mimi Pomboo nimelelewa na bwawa hili. Walete watoto, nami nitakuwepo!" Wakarudia, kwa sababu mara ya kwanza sauti yake ilikuwa na kitu kama kikohozi. Mara ya pili haikuwa nacho.

Kwa nini hakukataa? Hakuna aliyemwekea kisu shingoni. Kazi haikutajwa, wala kufukuzwa hakukutajwa. Alizoea tu. Mdomo ulikuwa umeshajifunza kutembea peke yake bila mwenyewe.

Tangazo likapigwa asubuhi, mchana na jioni mpaka watoto wakalikariri. Siku moja wifi yake, mke wa yule kaka, akampigia.

"Wifi, wanao huku hawakaliki! Wanaimba tangazo lako mpaka bafuni. Jumamosi nawaleta, shangazi yao awatambulishe hewani."

Pomboo alikuwa kwenye ngazi za stesheni. Akageuka kutazama nyuma, kisha akaufunika mdomo kwa kiganja.

"Usiwalete."

"Kwani nafasi zimejaa?"

"Usiwalete tu, wifi. Nitawachukua siku nyingine mimi mwenyewe, niwapeleke mahali pengine. Na usimwambie mtu."

Sasa sauti ya wifi haikuwa na utani. "Nisimwambie mtu nini?"

"Tutaongea," akasema Pomboo, akakata simu. Ilikuwa imelowa jasho. Akaifuta kwenye sketi, akaifuta tena, lakini bado aliihisi inanata.

Jumamosi maji yalikuwa ya bluu kweli, bluu ya wino. Panya hakuwepo. Walipulizia kila kona yale marashi ya chooni, kwa hiyo uvundo haukuondoka, ulivalishwa nguo tu. Watoto walijaa nyuma ya kamba, wengine wamevaa maboya ya mikononi yaliyotuna kama vitambi, na spika zilikuwa zikiwarudishia sauti ya Pomboo bila kupumzika: maji safi, maji salama. Yeye mwenyewe alikuwa kwenye chumba cha kubadilishia nguo akivuta kofia ya kuogelea juu ya nywele zake, na kila alipoisikia ile sauti alitamani kumpiga kofi mwenye nayo.

Alikuwa amejipanga kusingizia bega. Lakini alipotokea, watu wakapiga kelele kama zile za enzi za medali, watoto wakaliita jina lake, na Kasuku, aliyekuwa akitangaza moja kwa moja redioni, akapaza sauti: "Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga! Haya Pomboo, tuonyeshe!"

Akashuka kwa ngazi. Hakupiga mbizi. Maji yalikuwa vuguvugu, kama ya kunawia yaliyosahauliwa kwenye beseni tangu jana, na yaliteleza kati ya vidole. Mguu ulipogusa chini ulikuta ute. Kitu laini kikampapasa tumboni kikapita zake, naye hakutaka kujua ni nini. Akaogelea shingo juu, kidevu angani, midomo imebanwa, kama mbwa aliyetumbukia mtaroni. Mabega yale yaliyowahi kupasua maji mbele ya mataifa sasa yaliyasukuma kando kama mtu anayefukuza nzi kwenye sahani. Watu wakacheka na kupiga makofi. Walidhani ni mzaha wa kipindi.

Alipopanda upande wa pili, Kasuku alikuwa akizungusha maikrofoni kwa wazazi watoe salamu. Ikamfikia mama mmoja mwembamba mwenye miwani, aliyekuwa amemshika mkono binti wa umri wa kuanza shule.

"Mimi nina swali," yule mama akasema. "Mbona bingwa hatii uso majini?"

Swali lilikuwa dogo, tena halina ubaya. Pomboo akaona viatu vyeupe vimesimama pembeni. Akaivaa sauti yake ya kazini.

"Mama jamani! Nywele nimezitengeneza jana, nije niziharibu mbele yenu?"

Vicheko vikalipuka. Yule mama hakucheka. Aliitazama kofia iliyobana kichwa cha Pomboo, akafungua mdomo aseme jambo, lakini maikrofoni ilikuwa imeshahama, na binti yake alikuwa akimvuta kwa nguvu zote. "Mama, twende! Si amesema! Amesema!"

Kamba ikaondolewa. Watoto wakamiminika majini. Pomboo akawaona wanazama wakicheka, midomo wazi, wanaibuka mashavu yamejaa, wanatemeana maji ya bluu usoni kwa furaha. Akakimbilia bafu la kuoshea miili, akafungua bomba. Likatoa mkoromo, likatoa tone la kutu, basi. Nyumbani alijisugua kwa sabuni mpaka ngozi ikawaka, na bado chini ya kucha bluu ilibaki.

Jumatatu simu zikaanza kuingia. Kuna waliosema macho ya watoto yamekuwa mekundu kama pilipili, kuna waliosema matumbo yanaharisha, wengine masikio yanauma, wengine ngozi imetoka vipele vyenye maji. Meneja akamwambia binti wa mapokezi, mlango ukiwa wazi na Pomboo anasikia: "Pitisha pongezi tu. Hao wengine waambie wapige kesho." Kesho yake akasema vilevile. Pomboo akaendelea kusoma salamu na kupokea pongezi. Chakula kilimshinda. Kila alichokitia mdomoni kilikuwa na ute.

Mchana mmoja wifi yake akamfuata stesheni. Hakutaka kuingia ndani. Walisimama uani, karibu na jenereta, ikabidi waongee kwa nguvu.

"Mtoto wa jirani yangu amelazwa," wifi akasema. "Mimi ndiye niliyemsaidia mama yake kumbeba. Njiani akaniuliza mbona wanangu hawakwenda. Nikamwambia walikuwa na mafua. Nimemdanganya mwanamke amebeba mtoto anayetapika mikononi mwake, kwa ajili yako, wifi."

"Nilitaka kuwakinga watoto..."

"Watoto gani?" Wifi alisogea karibu. "Wahenga wamesema mchuma janga hula na wa kwao. Wewe umewashinda hao. Umechuma janga, ukawafungia wa kwako mlango, ukaenda kuwagawia wa wenzako. Na mimi umenilisha uchafu wako, natembea nao tumboni. Kaka yako sijamwambia. Naona haya."

Akaondoka bila kuaga, na katika ukoo ule kuondoka bila kuaga halikuwa jambo dogo.

Asubuhi iliyofuata, katikati ya kipindi, binti wa mapokezi akapitisha simu. Mwenye simu alikuwa amemwambia ana pongezi.

"Karibu hewani, mama!" Kasuku akadakia. "Mmwagie Pomboo sifa zake!"

"Mimi ndiye niliyeuliza Jumamosi mbona bingwa hatii uso majini," ile sauti ikasema, taratibu kabisa. "Akanijibu nywele. Na kofia alikuwa amevaa."

Kasuku akabonyeza kitufe. Vicheko vya watu wasiokuwepo vikamwagika.

"Mwanangu sikio linatoa usaha," yule mama akaendelea chini ya vicheko. "Homa haishuki. Analia usiku kucha, anajipiga kichwa na..."

Kasuku akabonyeza tena. Alikuwa akitabasamu, huku jicho likitafuta wimbo wa kuchomeka. Mwanamke anasimulia usaha wa mwanawe, na juu yake umati wa bandia unakauka kwa kicheko. Pomboo akaushika ule mkono uliokuwa juu ya kitufe. Ulikuwa na unyevunyevu, laini, wa joto. Akauinua akautupa kando kama kitu alichokikuta kwenye chakula.

"Mama, usikate," akasema. Sauti ilitoka nyembamba, ya puani, wala hakuitengeneza. "Maji yale ni machafu. Niliyaona kabla hayajatiwa rangi. Choo kinamwagikia mle ndani, na ile bluu ni unga. Nilimkataza wifi yangu asiwalete wanawe, kisha nikawaambia nyinyi muwalete wenu. Sikutia uso kwa sababu niliona kinyaa. Mwenye mtoto aliyeogelea mle ampeleke hospitali leo hii, amwambie daktari ni maji ya choo. Mwambieni hivyohivyo, msione aibu. Aibu si yenu."

Meneja alikuwa ameshatoka mbio ofisini, anampigia fundi mitambo ishara ya kukata shingo. Fundi akawa anaitafuta swichi aliyoibonyeza miaka yote kana kwamba ndiyo kwanza anakutana nayo. Wimbo ulipoingia, maneno yalikuwa yameshafika.

"Umekojolea kisima tunachokunywa wote!" meneja akafoka, mishipa ya shingo imemsimama.

"Bosi," akasema Pomboo, akivua hedifoni, "si mimi niliyeanza kukojoa. Mimi nilikuwa nawakaribisha watu wanywe."

Siku hiyohiyo akafukuzwa. Bwana afya, ambaye ofisi yake ilitazamana na lile bwawa miaka yote, akagundua ghafla kwamba linanuka, akalifunga. Bwana Viatu akasema mafundi wamemwangusha. Kipindi kikaitwa Amka na Kasuku, na asubuhi ya kwanza kikafunguliwa kwa utani wa samaki aliyejitoa majini mwenyewe.

Pomboo alitegemea watu wamtemee mate. Wapo waliomtukana, na hao aliwasikiliza mpaka mwisho. Lakini wengi zaidi walimsimamisha barabarani wakampa mkono. Shujaa! Msema kweli! Muuza duka alikataa kumtoza sabuni. Kila sifa ilimpanda mwilini kama mdudu. Aliwatazama wakitabasamu akajiuliza ni sehemu gani ya maneno yake haikuwafikia.

Stesheni nyingine ikamwita. Mkuu wake, kijana mwenye meno mazuri, akamwandalia chai na keki na jina la kipindi: Ukweli na Pomboo.

"Ile simu!" akasema, akilamba krimu kidoleni. "Kilio cha yule mama, dada, ni dhahabu tupu. Tumemtafuta. Tunafikiria kipindi cha kwanza aje na mtoto, sikio likiwa bado lina bandeji. Watu walie asubuhi, watukumbuke mpaka jioni."

Pomboo akaomba kuonyeshwa choo. Akapiga magoti akatapika chai, keki na nyongo, akasukutua, akatokea mlango wa nyuma.

Kumpata yule mama hakukuwa kazi. Alikuwa akifua mashuka katika hoteli moja, na wenzake wakaelekeza anapokaa: chumba cha mwisho katika nyumba ya wapangaji wengi, pazia la maua mlangoni. Pomboo akabisha hodi. Mama akatoka, akalirudishia pazia nyuma yake ili ndani pasionekane.

"Umekuja na maikrofoni?"

"Hapana."

"Na mpiga picha?"

"Nimekuja na miguu yangu tu."

Mama akamkagua kuanzia juu mpaka chini. "Kama umeniletea pole, rudi nazo. Pole ninazo tele, majirani wameleta, sijui niziweke wapi."

Pomboo hakuondoka. Ndani mtoto akakoroma kidogo, akalia, akanyamaza.

"Zamu yangu inaanza saa nane," mama akasema hatimaye, kama anayeongea na mlango. "Nimeshakosa zamu mpaka msimamizi amechoka. Unajua kusafisha sikio?"

"Sijui."

"Utajua."

Akamwonyesha: pamba, maji yaliyochemshwa yakapoa, futa nje tu, usisukume ndani hata kidogo, kisha matone ya dawa, kisha mtoto alale ubavu. Akajifunga kitambaa kichwani akaenda, bila kwaheri, bila asante.

Binti alikuwa kwenye godoro, shavu moja limevimba. Pomboo alipoondoa pamba ya zamani, usaha ulikuja nayo, wa njano, unavutika kama gundi, na harufu yake ilikuwa harufu ya lile bwawa, haikupungua hata chembe. Akatazama ukutani, akahesabu mashati yaliyoning'inia kwenye msumari, akarudi. Akafuta. Mtoto akapiga ukelele akamtia meno kwenye kiganja. Akafuta tena, kwa mkono mwingine. Ilikuwa kazi mbaya, na hakuna dakika iliyogeuka ikawa nzuri.

Baadaye homa iliposhuka kidogo, mtoto akamwangalia.

"Wewe ndiye Pomboo?"

"Ndiyo."

"Muongo. Pomboo ana sauti nzuri."

"Ile ilikuwa ya kazini. Hii ndiyo ya nyumbani."

Mtoto akaifikiria. "Hii mbaya," akasema. Halafu akayatapika maziwa yote aliyokunywa, nusu kwenye godoro na nusu mapajani kwa mgeni.

Mama aliporudi jioni alimkuta Pomboo uani, amechutama, anasugua shuka. Akaingia ndani, akalinusa sikio la mwanawe, akaligusa paji la uso. Akatoka, akamnyang'anya shuka mkononi.

"Hufui, unapapasa tu," akasema. "Kesho saa nane. Usichelewe."

Hakuchelewa, wala siku zilizofuata. Sikio likakauka, lakini daktari akasema upande ule mtoto hatasikia tena kama zamani, na mama hakuwahi kumwambia Pomboo kwamba amemsamehe. Wifi ndiye aliyerudi kwanza. Alimwambia mumewe yote, wakagombana, kisha siku moja akamtumia Pomboo watoto, akasema wafundishwe kuogelea mahali penye maji ya maana, na awe anayaonja yeye kwanza. Kazi mpya Pomboo aliipata kwenye redio ndogo inayosoma matangazo ya vifo na ya mali zilizopotea. Hapo hapakuwa na Pomboo, alitumia lile jina la kwenye kitambulisho. Kabla ya kusoma alimpigia kila mwenye msiba, akahakikisha jina la marehemu, jambo lililowaudhi wakubwa zake kwa sababu lilichelewesha kipindi.

Na alipokwenda kumtembelea yule binti, maana aliendelea kwenda, alizunguka godoro kwanza, akakaa upande wa sikio linalosikia.